Wakati Hupotelea Mlangoni

Jaduong', ndivyo Waluo tunavyomwita mzee, alipiga nyuzi kidogo, kisha akasimama. Akaulaza mkono juu ya ngozi ya nyatiti, kinubi cha Waluo, akamgeukia kijana aliyekaa kwenye kompyuta. "Wuoda, hiyo ngoma yako imelewa. Mara inanikimbia, mara inanivuta nyuma. Nikae wapi?"

Tulikuwa Kondele, ghorofa ya pili, katika chumba ambacho kuta zake zimefunikwa kwa magodoro na blanketi. Feni ilikuwa imezimwa kwa sababu maikrofoni huisikia. Saa nane mchana Kisumu bila feni si mchezo, na laptopu yenyewe ilikuwa na joto la pasi. Prodyuza, kijana mwenye kipaji na subira, alijifuta jasho akamjibu, "Jaduong', si mimi, ni laptopu. Kompyuta haiwezi kushika wakati kama mashine. Nikipata pesa nitanunua sanduku la ngoma, haya mateso yaishe."

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikae niandike. Nimeisikia Nakuru, nimeisikia Kakamega, na hapa Kisumu naisikia karibu kila mwezi: kwamba kompyuta haiaminiki kwa mapigo, na kwamba mashine za zamani za kupiga ngoma ndizo zinazoshika. Vijana wanaolipa kodi ya chumba kwa kurekodi nyimbo za harusi na matangazo ya maduka wanaweka akiba ya miezi kununua vifaa vilivyotengenezwa kabla hawajazaliwa. Wamesikia jambo la kweli, wakalielewa kinyume, na sasa linawagharimu.

Msimamo wangu ni huu. Ndani ya kompyuta wakati umenyooka kuliko katika sanduku lolote lililowahi kuuzwa. Huharibikia mlangoni, pale amri ya kupiga ngoma inapotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kifaa kingine. Na mlango huo una dawa, mara nyingi dawa isiyo na bei.

Turudi kwanza kwa jaduong', maana sikio lake lilikuwa sahihi. Hakusema ngoma imechelewa. Alisema mara iko mbele, mara iko nyuma. Kati ya malalamiko hayo mawili kuna tofauti kubwa. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita saba zinaichelewesha takriban milisekunde 20. Kwenye matanga huku kwetu spika huwekwa mbali vile, au mbali zaidi, na bendi ya ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, bado hupiga kutoka jioni hadi jogoo awike bila mtu kulalamika kuhusu wakati. Kuchelewa kule hakubadiliki. Mwili wa mwanamuziki hukupima mara moja, ukakuzoea, ukasahau. Mtu anayechelewa dakika kumi kila siku unaweza kupanga naye kazi. Anayekutesa ni yule ambaye leo amekutangulia na kesho amekuacha kituoni.

Kwa hiyo nayapa mambo haya majina mawili, kuchelewa na kuyumba. Kuchelewa kwa kiasi kilekile kunarekebishika: programu ya kurekodi inakijua kiasi hicho na huisogeza sauti nyuma mahali pake. Kuyumba hakuna kipimo kimoja cha kukuondoa, kwa kuwa kila pigo lina kosa lake. Ulevi alioutaja jaduong' ndio huo.

Sasa kwa nini mashine ya zamani haiyumbi? Nitaeleza kwa kompyuta, maana hapo ndipo jambo linapoonekana vizuri. Mwaka 1985 Atari ilitoa kompyuta zake za ST. Kichakataji chake, Motorola 68000, kilikuwa cha megahezi 8. Simu ya bei ya chini kabisa kwenye maduka ya Oginga Odinga Street inakiacha mbali sana. Lakini ST ilikuja na matundu ya MIDI, lugha ambayo vifaa vya muziki hutumia kuamrishana, yaliyojengwa mwilini mwake, bila kadi ya ziada, bila waya wa kubahatisha, na ukishafungua programu ya muziki, ilikuwa kama umeikabidhi kompyuta nzima. Cubase, programu ya kutengeneza muziki, ilianzia hapo mwaka 1989, na studio nyingi za Ulaya zilikataa kuiacha ST hata baada ya kompyuta zenye nguvu mara kadhaa kuingia sokoni.

Kasi ni kitu kimoja na kufika kwa wakati ni kitu kingine. Mpishi wa samaki pale Dunga aliye na mteja mmoja atakuletea sahani dakika ileile aliyokuahidi, hata kama mkono wake ni wa polepole. Mpishi hodari kuliko yeye, mwenye wateja thelathini, simu mkononi na mtoto mgongoni, atapika samaki wengi zaidi kwa siku, lakini yako hujui itafika lini. Laptopu ya leo ni huyo wa pili. Wakati inacheza wimbo wako inaulizana na Wi-Fi, inakagua virusi, inashusha masasisho ambayo hukuyaomba, inapanga faili. Mfumo wake unagawa zamu, na noti yako ya MIDI inapanga foleni kama wengine. Sanduku la ngoma lina kazi moja. Fuwele ndogo kama ile iliyo ndani ya saa ya mkononi inatetemeka, hesabu inafanyika, hesabu ikitimia ngoma inapigwa. Hakuna mwingine anayebisha hodi.

Hadi hapo anayesifu sanduku ana haki. Anapokosea ni pale anapodhani sifa ya sanduku ni usahihi wa hali ya juu. MPC60, mashine ya ngoma ambayo Akai iliitoa mwaka 1988 kwa usanifu wa mhandisi Roger Linn na ambayo hadi leo watu huizungumzia kwa heshima, hugawa kila mdundo vipande 96. Kwa mwendo wa midundo 120 kwa dakika, kipande kimoja ni takriban milisekunde 5.2. Noti haiwezi kukaa katikati ya vipande viwili. Ni hapa au pale. Programu nyingi za kompyuta leo hukupa vipande 960, yaani karibu nusu ya milisekunde. Kwa wembamba wa vipande, kompyuta imeshinda zamani sana. Sanduku lilipendwa kwa sababu kipande chake cha tisa kilikuwa mahali palepale jana, leo na keshokutwa. Sikio husamehe vipande vinene kuliko vipande vinavyohama.

Na ndani ya kompyuta vipande havihami. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka. Kompyuta haitoi sauti tone baada ya tone. Huchota kwa mitungi, na mtungi huo huitwa bafa. Kwa kawaida sauti huwa na sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, 44,100 kwa sekunde. Ukiweka bafa ya sampuli 512, mtungi mmoja ni kama milisekunde 11.6. Kompyuta inaujaza mtungi mapema, inaupeleka kwa kadi ya sauti, inaanza kujaza mwingine. Ikiwa ngoma yako ni sauti iliyo ndani ya programu yenyewe, pigo lake huwekwa kwenye sampuli yake hasa ndani ya mtungi, tuseme ya 307, na litasikika kwenye sampuli ya 307. Kosa haliwezi kuzidi sehemu moja kwa 44,100 za sekunde. Hata Wi-Fi ikivuruga namna gani, mtungi ukishajazwa, mpangilio wake haubadiliki. Kompyuta ikizidiwa kabisa utasikia mkwaruzo au kimya cha ghafla, lakini hutasikia ngoma iliyolewa.

Ngoma ya Kondele ililewa kwa sababu haikuwa ndani. Prodyuza wetu, kama wengi wanaorekodi ohangla, anapenda sauti za ngoma zilizo kwenye kinanda chake, na ana haki, maana masikio ya watu wa Kisumu yamekua nazo. Kwa hiyo laptopu ilikuwa inatuma amri za MIDI kupitia waya mwembamba wa USB wa bei rahisi hadi kwenye kinanda, nacho ndicho kinapiga.

Fikiria safari hiyo. Programu inajaza mtungi wake wa milisekunde 11.6 na ndani yake kuna noti tatu za MIDI, moja mwanzoni, moja katikati, moja mwishoni. Draiva, programu inayoiunganisha kompyuta na kifaa, ikiwa nzuri hushikilia kila noti hadi zamu yake ifike. Draiva mbovu huzimwaga zote mara tu mtungi unapofunguliwa, na hapo noti ya mwisho imetoka mapema kwa karibu mtungi mzima. Halafu kuna waya wenyewe: USB ya kawaida ya vifaa hivi huhudumia vifaa vyake kwa zamu za milisekunde moja moja, na chipu ndogo iliyo ndani ya waya ina foleni yake, ambayo kwa waya wa bei rahisi hakuna aliyeijali sana wakati wa kuitengeneza.

Kisha kuna MIDI yenyewe. Iliingia sokoni mwaka 1983, baada ya Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani kusukuma kampuni zishindanazo zikubali lugha moja, na mwendo wake tangu siku hiyo ni biti 31,250 kwa sekunde. Kupiga noti moja kunahitaji baiti tatu, kila baiti ikisafiri kama biti kumi, yaani karibu milisekunde moja nzima. Noti haziwezi kupita mbili mbili mlangoni. Pigo la kwanza la mstari wa wimbo likiwa na ngoma kubwa, ngoma ndogo, hai-hati (matoazi), kayamba, besi na noti tano zinazopigwa pamoja, noti ya kumi inaweza kufika milisekunde tisa baada ya ile ya kwanza. Kuna njia ya kufupisha ujumbe noti za chaneli moja zinapofuatana, lakini foleni inabaki foleni. Na jambo hili haliijali hadhi ya kifaa chako: sanduku likiendesha masanduku mengine kwa waya mmoja wa MIDI linakumbana na mlango uleule. Ndiyo maana MPC60 ilipewa matundu manne ya kutolea MIDI, ili foleni igawanywe.

Mchana ule, badala ya kubishana, tulipima. Jaribio ni rahisi na kila studio inaweza kulifanya. Prodyuza aliandika hai-hati inayopiga mara nne kwa kila mdundo, dakika nzima, zote zimenyooshwa kwenye mstari. Kwanza laptopu ikakiendesha kinanda kwa MIDI, na sauti ya kinanda tukairudisha kwa waya kwenye kadi ya sauti, tukairekodi. Pili, tukapiga mistari ileile kwa hai-hati iliyo ndani ya programu. Tatu, tukakiacha kinanda kipige mdundo wake chenyewe, laptopu ikirekodi tu bila kukiamrisha.

Tukavuta picha ya sauti hadi pigo moja likajaza skrini. Katika rekodi ya pili kila pigo lilianzia juu ya mstari kama limepigwa rula. Ya tatu ilikuwa safi pia: umbali kati ya pigo na pigo ulikuwa mmoja, ingawa kadiri dakika ilivyosonga mapigo yote kwa pamoja yalikuwa yanasogea kidogo mbali na mistari. Ya kwanza ilisikitisha. Pigo moja limetangulia mstari, linalofuata limechelewa, mawili yako sawa, la tano limetupwa mbali. Kijana aliinamia skrini muda mrefu bila kusema neno. Jaduong', ambaye hakuwahi kuangalia picha ya sauti maishani, alinyoosha kidole kwenye rekodi ile akasema, "Huyo ndiye mlevi."

Kwa hiyo sanduku alilokuwa analiwekea akiba tayari alikuwa nalo, ni kinanda kile, na laptopu aliyoilaumu ndiyo iliyopata alama za juu. Aliyekuwa na kosa ni waya katikati yao.

Ule usogeaji wa rekodi ya tatu usipuuzwe, maana unawanasa wanaodhani wakinunua sanduku wamemaliza. Kila kifaa kina fuwele yake na hakuna fuwele mbili zilizo sawa kabisa. Zikitofautiana sehemu 50 tu kwa milioni, wimbo wa dakika 5 utaishia na pengo la milisekunde 15, na nyimbo zetu za nyatiti haziishii dakika tano. Ukitaka vifaa visiachane, unakifunga kimoja kimfuate mwenziwe kwa mapigo ya saa ya MIDI, ambayo ni 24 kwa kila mdundo. Kwa mwendo wa 120 yanapishana kwa milisekunde 20.83. Lakini mapigo hayo nayo yanapitia mlango uleule. Tulipojaribu, kinanda kilianza kuonyesha 119, mara 121, mara 120, kikimkimbiza kiongozi anayepepesuka. Ukiviachia vifaa uhuru vinaachana, ukivifunga kwa saa mbovu vinayumba. Wenye vifaa vinavyopokea mapigo ya umeme wana njia nzuri zaidi: rekodi mapigo hayo kama sauti ndani ya programu na uyatoe kwenye kadi ya sauti, kwa kuwa sauti hukaa kwenye sampuli yake. MIDI 2.0, iliyotangazwa mwaka 2020, imeleta muhuri wa wakati kwenye ujumbe ili kuyumba kupunguzwe, ila vifaa vilivyo mikononi mwetu vingi bado vinazungumza lugha ya 1983.

Wapo wanaotetea kuyumba. Wanasema kompyuta iliyonyooka haina roho, na kwamba kosa dogo la mashine ndilo linaloleta uhai. Kwa hili siwapi hata robo. Anapopiga kwa mkono wake mwanamuziki huhamisha mapigo kwa mpango, hata kama hajui kuueleza. Roger Linn aliliona mapema: mashine yake ya LM-1 ya mwaka 1980 ilikuwa na uwezo wa kuchelewesha noti za kati kwa kiasi ulichochagua, na kiasi hicho kilibaki kilekile kila mara. Roho ilikuwa hapo, katika kuchelewa kunakorudiwa. Sikiliza isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina mahali pake pa kukaa kuhusiana na nyingine. Mpigaji akinyang'anywa mahali pale kwa kwantaizi, yaani kila pigo likivutwa hadi kwenye mstari wa programu, ngoma imekufa. Lakini akitawanywa ovyo na waya mbovu, amekufa vilevile. Nawaomba maprodyuza wa magharibi ya Kenya waache kukwantaizi ngoma hizi kwa mazoea, na wakati huohuo waache kuziita hitilafu za vifaa utamaduni.

Sanduku lina mahali pake, nami nalitaka liwepo. Jukwaani, usiku, jenereta likikohoa na mtu akimwaga soda karibu na meza, kifaa chenye kazi moja na vitufe unavyovijua kwa vidole ni rafiki kuliko laptopu. Atakayelinunua kwa sababu anapenda kulipiga kwa mikono, namuunga mkono. Anayelinunua akidhani ananunua wakati, ningemshauri pesa hiyo aiweke kwanza kwenye kadi ya sauti nzuri yenye matundu yake ya MIDI na draiva inayotunzwa.

Sisi Kondele hatukununua kitu. Kijana alikaa na kinanda chake akarekodi sauti zake za ngoma moja baada ya nyingine, kila moja kwa nguvu tatu au nne tofauti, akaziingiza kwenye programu. Sauti ni ileile watu waliyoizoea, sasa inaishi ndani, na amri yake haipiti tena mlangoni. Wi-Fi akaizima. Laptopu akaiinua juu ya vitabu viwili ipate hewa, maana ikichemka sana hujipunguzia kasi yenyewe.

Palibaki jambo moja, na hili nalifikiria hadi leo. Mpiga nyatiti hubeba saa yake mwilini. Ana nyuzi nane mikononi, gara, yaani njuga, zimefungwa mguuni, na kwenye kidole kikubwa cha mguu amevaa oduong'o, pete ya chuma anayoigonga kwenye mti wa nyatiti. Sauti yake, nyuzi, njuga na pete vinatoka katika mwili mmoja, kwa hiyo haviwezi kuachana. Kumwambia mtu kama huyo afuate tiki ya kompyuta kwenye vipokea sauti ni kumvua saa yake na kumvisha ya jirani.

Tukageuza kazi. Jaduong' alipiga peke yake, bila tiki, na tukaweka maikrofoni ndogo karibu na mguu kuinasa pete. Alipomaliza, prodyuza alipitia pete pigo kwa pigo na kuiambia programu, huu ni mdundo wa kwanza, huu wa pili, hadi mwisho. Mistari ya programu ikajikunja kumfuata mzee: mwendo unapanda kidogo anapoanza kuwataja watu kwa sifa, unatulia anaposhusha pumzi. Kinanda hakina uwezo huo. Ngoma zikawekwa juu ya mistari ile iliyopinda.

Tulimvisha jaduong' vipokea sauti. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, nyatiti imelala pembeni. Ilipofika sehemu ya sifa, pale anapokimbia, alimtazama kijana akauliza kama amepanyoosha. "Hapana, jaduong'. Nimepaacha ulivyopaacha." Mzee akavuta kigoda, akaichukua nyatiti, akaomba wimbo uanze tena kutoka juu.